Visiwa vya Ugiriki kwa Msafiri wa Kujitegemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikirudi kutoka Ugiriki, ndugu na marafiki wa Dar, Mombasa na Muscat huniuliza maswali yaleyale. Nimeyapanga hapa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomkuta mtu akiwa tayari yuko bandarini. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Kabla ya kuondoka

Visiwa ni vingi mno. Nianzie wapi?

Ugiriki inahesabu visiwa na vijisiwa vipatavyo 6,000, lakini vinavyokaliwa na watu ni 227 tu. Usivitazame kimojakimoja, vitazame kwa makundi, kwa sababu meli nazo zimepangwa kwa makundi. Saiklade ni vile vya nyumba nyeupe: Naxos, Paros, Santorini, Mykonos, Syros. Dodekanisi viko jirani na Uturuki: Rhodes, Kos, Patmos, Kalymnos. Vya Ionia, Corfu ikiwemo, viko upande wa Italia. Lesvos, Chios na Samos viko kaskazini mashariki. Aegina na Hydra viko karibu na Athens kiasi kwamba unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Krete ni kundi peke yake kwa ukubwa wake.

Kwa safari ya kwanza, mimi humwambia mtu aende Naxos. Ina mashamba, milima, fukwe na vijiji ambavyo watu wanaishi maisha yao hata mgeni asipokuja, na meli hazikosekani. Santorini ni nzuri kweli, lakini kuifanya msingi wa safari nzima ni kulipa sana ili usimame kwenye foleni ya kupiga picha.

Nahitaji viza?

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo, ndiyo, unahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Inakuruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000. Ukiwa mkazi halali wa Oman, Emirates au kwingineko, unaomba hukohuko unakoishi.

Watu wengi hukwama kwenye kipengele kimoja: unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukipanga siku 8 Ugiriki na 4 Italia, ombi ni la Ugiriki, hata kama ndege yako inatua Roma kwanza. Kwa msafiri asiye na kampuni ya utalii, ratiba yenye tarehe, kisiwa na mahali pa kulala kila usiku hufanya kazi ya barua ya mwaliko. Weka nafasi za vyumba zinazoweza kufutwa bila malipo, uziprinti. Kuhusu kuvuka kwenda Uturuki na viza ya kuingia mara moja, soma swali la mwisho kabisa.

Mwezi gani ni mzuri?

Mei mwishoni, Juni, na Septemba yote. Septemba bahari imeshapashwa joto na kiangazi kizima, zabibu zinavunwa, na bei za vyumba zimeanza kushuka. Julai na Agosti kuna joto kali, watu tele, na upepo wa meltemi (angalia sehemu ya meli). Epuka hasa siku zinazozunguka tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, ambapo Wagiriki wenyewe wanarudi visiwani kwao na meli zinajaa. Kisiwa cha Tinos siku hiyo hupokea mahujaji wengi, wengine wakipanda kwa magoti kutoka bandarini hadi kanisani.

Kuanzia Novemba hadi Machi visiwa vidogo hufunga milango: hoteli, migahawa, hata boti nyingi. Krete, Rhodes mjini, Syros na Corfu hubaki hai.

Nina siku kumi. Niende visiwa vingapi?

Viwili. Ukiwa mwepesi wa kufungasha, vitatu, na viwe kwenye njia moja ya meli, kwa mfano Paros, Naxos, Santorini. Nasisitiza hili kuliko jambo lolote katika ukurasa huu. Kila unapohama kisiwa unapoteza nusu siku: kufungasha, kusubiri gatini, kusafiri, kutafuta chumba. Mtu aliyepitia visiwa sita kwa siku kumi anarudi na picha za magati sita. Aliyekaa siku nne mahali pamoja, siku ya tatu muuza mkate anamwekea mkate wake pembeni kabla hajaomba.

## Meli, upepo na barabara

Kutoka uwanja wa ndege wa Athens nafikaje bandarini?

Bandari kuu ni Piraeus. Treni ya metro, njia ya 3, inatoka uwanja wa ndege hadi Piraeus bila kubadilisha, na inachukua kama saa moja. Basi X96 linakwenda huko usiku na mchana. Piraeus ni kubwa, na mageti yake yana namba zinazoanza na E. Angalia namba ya geti kabla hujaanza kuburuta begi, maana kutoka geti moja hadi jingine unaweza kutembea nusu saa juani. Kwa Andros, Tinos na Mykonos kuna pia bandari ndogo ya Rafina, ambayo iko karibu zaidi na uwanja wa ndege.

Kuhusu saa: tiketi ikisema 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi, na 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Majira ya kiangazi saa ya Ugiriki ni sawasawa na ya Afrika Mashariki, kwa hiyo huna haja hata ya kurekebisha saa yako ya mkononi. Majira ya baridi wao wako nyuma kwa saa moja.

Meli kubwa au boti ya kasi?

Meli kubwa, kama huna haraka ya lazima. Kutoka Piraeus hadi Santorini meli ya kawaida huchukua takriban saa 8, boti ya kasi kama 5, lakini kwenye boti ya kasi umefungiwa ndani kama kwenye ndege, na bahari ikichafuka tumbo linachafuka nalo. Kwenye meli unakaa sitahani, unaviona visiwa vikitokea na kupotea, na nauli ni ndogo zaidi. Kwenda Heraklion, Krete, meli ya usiku huondoka jioni na kukufikisha alfajiri. Unaokoa na pesa ya chumba.

Kisiwa chako kikikaribia, teremka mapema hadi kule chini kwenye magari. Utakuta watu wamesimama kati ya malori na mabegi yao, injini zinanguruma, harufu ya dizeli na chumvi, mlango mkubwa wa nyuma unaanza kushuka meli ikiwa bado inageuka. Kwenye visiwa vidogo meli hutia nanga dakika chache tu, na anayesubiri itulie ndipo asimame hupelekwa kisiwa kinachofuata.

Upepo ukizuia meli nifanye nini?

Meltemi ni upepo mkavu wa kaskazini, unaovuma zaidi Julai na Agosti mbingu zikiwa buluu kabisa. Ndiyo maana mgeni haamini anapoambiwa meli hazitembei: jua linawaka! Mamlaka ya bandari ikitoa marufuku, ambayo wao huiita *apagoreftiko*, meli zote zinasimama. Tiketi yako inarudishiwa pesa au inahamishiwa safari inayofuata.

Niliwahi kukwama Naxos siku mbili namna hiyo. Tangu hapo nina kanuni moja: usiku wa mwisho kabla ya ndege ya kurudi nyumbani nalala Athens. Si usiku wa kupoteza, kwa sababu Akropoli iko palepale.

Nikifika kisiwani natembeaje?

Mabasi yanaitwa KTEL, na kwenye visiwa vya wastani yanatosha. Picha ya ratiba iliyobandikwa kituoni ni ya kuaminika kuliko mtandao. Kukodi gari kunahitaji leseni yako pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho unakiomba kabla ya kuondoka nyumbani. Pikipiki na zile za magurudumu manne uzichukue tu kama una leseni ya daraja hilo na umezoea. Barabara za visiwani zina kona kali na changarawe, na bima nyingi za safari hazilipi ajali ya asiye na leseni. Hydra hakuna magari kabisa. Mizigo inabebwa na punda, na ukiijua Lamu utajisikia nyumbani kabla hujatoka gatini.

## Chakula

Zaidi ya mishikaki ya souvlaki, niagize nini?

Agiza kinachotoka kisiwa hicho. Hapo ndipo msafiri huru anamshinda mwenye kifurushi cha hoteli, maana kila kisiwa kina sahani yake.

Krete kuna *dakos*: mkate mkavu wa shayiri, mgumu kama jiwe, unalowekwa kidogo, juu yake nyanya iliyokunwa, jibini laini la chumvi, oregano, na mafuta ya zeituni yanayomiminwa bila huruma. Usiule upesi. Uache dakika tano maji ya nyanya yapenye, ndipo katikati unalainika na pembeni bado panalia chini ya meno. Santorini ardhi ni majivu ya volkano na mvua ni haba, kwa hiyo nyanya zao ni ndogo na tamu kupita kiasi. Wanazikaanga kwa majani ya mnanaa kama kachori, wanaziita *domatokeftedes*. *Fava* ni rojo la njano la jamii ya kunde, kitunguu kibichi juu, na anayependa dengu atalipenda. Naxos wana viazi na jibini la *graviera*. Chios wana mastiki, utomvu wa mti unaodondoka na kuganda kama ubani, nao huingia kwenye peremende, mikate na aiskrimu. Corfu, iliyotawaliwa na Venisi kwa karne nne, wanapika *pastitsada*, nyama yenye mdalasini na karafuu juu ya tambi. Mswahili akiionja hiyo hatasema ni chakula kigeni.

Halafu kuna pweza. Utamwona ameanikwa kwenye kamba mbele ya mgahawa kama nguo zilizofuliwa, mikono minane ikining'inia juani. Ameshapigwa mwambani alipotolewa majini, kama anavyopigwa kwetu ili alainike. Kisha anachomwa kwa mkaa, limau na mafuta ya zeituni basi, bila nazi wala viungo. Mara ya kwanza nilidhani kimesahaulika kitu. Mara ya pili nilielewa kwamba wao wanataka uonje bahari.

Neno *meze* linaloandikwa kwenye menyu si meza yetu, ingawa huletwa mezani: ni sahani ndogondogo za kula pamoja. Yetu imetoka kwa Wareno, yao kwa Waturuki na Waajemi. Agizeni nne au tano, mle wote kutoka sahani zilezile.

Mimi ni Muislamu. Nitakula nini?

Utakula vizuri, ila uwe macho. Souvlaki na gyros kwa kawaida ni nguruwe (*hirino*), isipokuwa ukiomba ya kuku (*kotopulo*), na hata kuku huyo kwa kawaida hakuchinjwa kwa sheria. Nyama ya halali utaipata Athens kwenye maduka ya wahamiaji. Visiwani ni adimu. Kwa hiyo kimbilia samaki, pweza, ngisi na mboga. Jifunze maneno mawili: *ladera*, mboga zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni, na *nistisimo*, chakula cha mfungo wa Kiorthodoksi kisicho na nyama, maziwa wala mayai. Uliza pia kama kuna divai ndani, maana pweza mara nyingi hupikwa nayo.

Krete baada ya chakula huletewa raki, pombe kali, bila kuiomba, ni ukarimu. Weka mkono kifuani, tabasamu, sema *efharisto*. Hakuna atakayekasirika, na mara nyingi huletwa tunda badala yake.

Mbona bili ilikuja kubwa kuliko nilivyotarajia?

Mara nyingi ni samaki. Samaki wakubwa wanauzwa kwa kilo, na bei ya kwenye menyu ni ya kilo. Ingia ndani, mchague, apimwe mbele yako, ujue gramu kabla hajaenda motoni. Nyota ndogo au herufi *kat.* pembeni ya jina humaanisha aligandishwa. Mkate unaoletwa mezani nao una malipo madogo. Chumbani kuna kodi ya serikali kwa kila usiku, inayopanda na kushuka kwa daraja la hoteli na msimu, na mara nyingi inalipwa papohapo, haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni.

Maji ya bomba yananyweka?

Athens na sehemu kubwa ya Krete, ndiyo. Visiwa vidogo vikavu kama Santorini, hapana, nunua ya chupa. Mwenye nyumba atakuambia ukweli ukimuuliza.

## Historia

Nikiwa na nafasi ya kisiwa kimoja tu cha historia?

Krete. Watu tunaowaita Waminoa walijenga majumba ya ghorofa na mabomba ya maji miaka zaidi ya 3,500 iliyopita. Jumba la Knossos lilifukuliwa na Mwingereza Arthur Evans kuanzia mwaka 1900, naye alijenga upya sehemu zake kwa saruji na kuzipaka rangi, kwa hiyo nguzo nyekundu unazoziona kwenye picha ni dhana yake kwa kiasi kikubwa. Fika lango linapofunguliwa, halafu mchana wa joto uumalizie makumbusho ya Heraklion, penye sahani ya udongo ya Phaistos iliyopatikana 1908. Hakuna aliyeweza kuisoma hadi leo.

Ukifika Santorini, nenda Akrotiri, mji uliofunikwa na volkano karne ya 17 au 16 kabla ya Kristo. Humo hazikupatikana maiti, na dhahabu ni karibu hakuna. Watu walisoma dalili wakaondoka na mali zao, wakaacha mitungi, vitanda na michoro ya ukutani.

Delos ni nini, na nalalaje huko?

Hulali. Delos ni kisiwa kitupu cha magofu, nusu saa kwa boti kutoka Mykonos, na jioni kila mgeni lazima aondoke. Kwa Wagiriki wa kale ndipo alipozaliwa mungu wao Apollo, na Waathene waliamuru mtu asizaliwe wala asifie pale. Mwaka 426 kabla ya Kristo walifukua makaburi yote wakayahamishia kisiwa jirani. Beba maji na kofia, hakuna kivuli.

Jambo ambalo waongozaji hulipita haraka: baada ya Warumi kuifanya bandari huru mwaka 166 kabla ya Kristo, Delos ikawa soko kubwa la watumwa. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba liliweza kupokea na kusafirisha watu elfu kumi kwa siku moja. Mimi niliyesimama Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, nikashuka kwenye vile vyumba vya chini, sikuweza kutembea Delos nikitazama mosaiki tu.

Patmo ya kwenye Biblia ndiyo Patmos hii?

Ndiyo. Pango ambamo Yohana anaaminika alipata Ufunuo liko kati ya bandari na mji wa juu, na monasteri iliyo kileleni ilianzishwa 1088. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Na ukisoma safari za Paulo kwenye Matendo ya Mitume utazikuta Rodo, Kosi, Kio, Samo, Mitilene na Krete, zote zina meli hadi leo. Hata Bandari Nzuri ipo, kusini mwa Krete, na bado inaitwa hivyo kwa Kigiriki: Kali Limenes.

Rhodes ina nini zaidi ya ufuo?

Ina mji wa kale wenye kuta, unaokaliwa na watu, ambamo tabaka za watawala unazisoma mtaa kwa mtaa. Mashujaa wa Msalaba, watawa wapiganaji wa Kikristo, walikuwapo tangu 1309, Waosmani (Waturuki) wakauteka 1522, Waitalia 1912, na Ugiriki ikaupata baada ya Vita Kuu ya Pili. Msikiti wa Suleiman uko juu ya mtaa wa maduka, na mbele yake maktaba ya Kiislamu ya 1793. Waislamu wa asili wangalipo Rhodes na Kos.

Kisha shuka hadi mtaa wa Wayahudi, kwenye sinagogi la Kahal Shalom la mwaka 1577. Julai 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi wa kisiwa hiki, watu zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi walikuwa wachache mno. Lakini wengine walikuwa wameshahama miaka ya nyuma kutafuta riziki, na wengi wao walifikia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Msomaji wa Katanga aliyekulia jirani na maduka yao atayaona majina ya familia hizo ukutani.

Wagiriki wa kale waliijua pwani yetu?

Waliijua. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja wa Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus wa Bahari ya Eritrea. Anaiita pwani yetu Azania, na soko la mwisho analitaja kuwa Rhapta, penye pembe za ndovu na magamba ya kasa. Anasema jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa, kwani *rhapto* kwa Kigiriki ni kushona. Anayeujua mtepe wa Lamu anajua kinachosemwa. Na maneno yalisafiri pia: kalamu, askofu, falsafa na injili yote yana mzizi wa Kigiriki, yakatufikia kupitia kwa Waarabu.

## Mambo ya pembeni

Mimi ni mweusi. Nitasumbuliwa?

Nitasema nilivyoona. Vijijini wazee watakukodolea macho, kisha ukisema *kalimera* watakuuliza unatoka wapi na una watoto wangapi. Vyumba na migahawa sikuwahi kukataliwa. Lakini Lesvos, Chios, Samos na Kos ni njia ya wakimbizi kutoka Uturuki, na polisi huko huwasimamisha watu weusi kuomba karatasi. Inauma, na usiichukulie kama kosa lako. Tembea na pasipoti yenyewe au nakala yake yenye ukurasa wa viza, na tiketi ya meli iwe na jina kama lilivyo kwenye pasipoti.

Kwa nini wananijibu "ne" halafu wananipa nilichoomba?

Kwa sababu *ne* ni ndiyo. Hapana ni *ohi*, na mara nyingi hata hawalitamki: wanarusha kichwa juu kidogo na kunyanyua nyusi. Ukikariri hayo mawili na *siga-siga*, ambayo ni polepole yetu kabisa, utaepuka nusu ya mkanganyiko.

Naiona Uturuki kutoka Kos. Naweza kuvuka kwa siku moja?

Boti zipo: Kos hadi Bodrum, Rhodes hadi Marmaris, Samos hadi Kuşadası, Chios hadi Çeşme. Tatizo ni viza. Uturuki haimo Schengen, kwa hiyo ukivuka umetoka, na kama viza yako ni ya kuingia mara moja, imekwisha hata kama ina siku 20 zilizobaki. Begi lako litabaki Kos na wewe utabaki Bodrum. Angalia kibandiko kwenye pasipoti, sehemu ya idadi ya kuingia: ikiandikwa 01, itazame Uturuki kutoka ufukweni. Ikiandikwa MULT unaweza kurudi, ila Uturuki nayo utahitaji viza yake, na uishughulikie kabla hujanunua tiketi ya boti.